Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: trekta la usafi na viota vya buabua

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: TREKTA LA KUSAFISHA UFUKWE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Barua mbili za mwanzo nilizipitisha masjala kama utaratibu unavyotaka, na sijapata jibu hadi leo. Hii ya tatu naiandika mbele ya watu. Uniwie radhi.

Mimi ni mmoja wa wale wenye fulana zilizopauka unaowaona wameketi mchangani na darubini tangu alfajiri. Kazi yetu haina ushujaa wowote. Tunahesabu viota vya buabua, ndege wa baharini anayetaga mchangani, tunaandika daftarini ni kipi kinaatamiwa na kipi kimepotea, tunafukuza kunguru, na muda mwingi tunaongea na watu. Mwenye mbwa tunamwomba amfunge kamba. Anayerusha tiara tunamwomba asogee mbali kidogo, maana ndege akiona kitu kimetanda juu yake anadhani ni mwewe, anaruka, na mayai yanabaki kuungua juani. Wengi huelewa wakishachungulia kwenye darubini. Bwana mmoja alisimama hatua chache kutoka kwenye kiota akatuuliza kiko wapi. Hatukumcheka, hata sisi hutupotea.

Na hapo ndipo penye tatizo. Buabua mdogo hajengi kitu. Analaza kifua mchangani, anajizungusha mpaka patokee kishimo cha kutosha kiganja, kisha anataga mayai mawili au matatu yenye rangi ya mchanga na madoa kama kokoto. Hatari ikija yeye anaruka, na yai linabaki kujificha lenyewe. Kunguru hudanganyika mara nyingi. Trekta halidanganyiki, kwa sababu haliangalii.

Msimu uliopita lilipita ndani ya kamba tuliyozungushia viota kabla hakujapambazuka. Dereva simlaumu. Kaambiwa amalize kabla watu hawajaja, na gizani nguzo zetu za mbao hazionekani. Kulipokucha tukakuta reki imechana mchanga vizuri kabisa, safi kama ua lililofagiwa, na pale palipokuwa na kiota tulichokiandika jana yake hapakuwa na hata ganda. Pembeni, ndani ya mfereji wa tairi, tukamwona kinda. Alikuwa amejibana chini kabisa, macho wazi, hatikisiki. Makinda hawa wakitishwa hawakimbii, hulala wakatulia, na mfereji wa tairi kwa mguu wa ukubwa ule ni korongo. Mwenzangu alibomoa ukingo mmoja kwa kiganja, polepole, tukarudi nyuma. Tulingoja muda mrefu. Mama yake akashuka na kasamaki mdomoni, na kinda akapanda pale pale palipobomolewa.

Sasa niseme tunachotaka. Yai huanguliwa baada ya wiki tatu hivi, na kinda huhitaji karibu muda kama huo hadi aruke. Ukiongeza wanaochelewa na wanaotaga upya baada ya kupoteza mayai, ni kama miezi mitatu. Katika miezi hiyo trekta liishie kwenye kamba. Chupa na vipande vya nyavu vilivyo ndani ya kamba tutaviokota sisi kwa mkono, makinda wakishaondoka. Sehemu kubwa ya kinachoitwa uchafu pale ni mwani uliotupwa na maji, na ndani yake mna viduduvidudu ambavyo vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, hula. Huo uachwe.

La pili: kamba yetu ipewe nguvu ya sheria ndogo. Leo mtu akiivuka namwomba tu, na akinitukana nameza mate. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1986 zilikuwa zimebaki jozi kama 140 za aina moja ya ndege wa jamii ya vitwitwi anayetaga mchangani. Mwaka huo akaingizwa katika orodha ya ndege wanaolindwa na sheria ya nchi. Kukawa na kamba, mabango, zamu za walinzi na wajitoleaji, na magari yakazuiwa karibu na makinda. Siku hizi jozi zimepita 1,000, na watu bado wanaogelea kwenye fukwe zilezile. Nayasema haya kwa sababu niliambiwa, dirishani pa ofisi moja, kwamba tunataka kuwafungia watu bahari. Tunachoomba ni kipande cha mchanga kilicho juu ya mstari wa maji ya bamvua, basi.

Dereva naye apewe namba ya simu ya mwenye zamu. Hilo halihitaji hata kikao.

Zamu yangu ni Jumamosi, kuanzia alfajiri. Darubini ya ziada ipo. Ukija, tafadhali kanyaga pale tunapokanyaga sisi.

Wako mtiifu,
Mjitoleaji wa zamu ya alfajiri

Nakala: Dereva wa trekta