Maji Yanavyopandisha Watu: Hoteli ya Giessbach

Ndugu yangu Salum,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeipata. Umeuliza maji yanayoporomoka yanawezaje kumpandisha mtu mlimani. Kwenye hoteli ya Giessbach, hilo ndilo lililofanyika.

Giessbach iko Uswisi, juu ya Ziwa Brienz, kando ya maporomoko yanayoshuka kwa ngazi 14 hadi ziwani. Akina Hauser waliijenga kati ya 1873 na 1875, msanifu akiwa Horace Edouard Davinet. Wageni walikuja kwa meli ya mvuke. Ukishuka gatini, hoteli iko mita 90 na zaidi juu ya kichwa chako, nawe una makasha ya nguo za mwezi mzima. Hoteli ya kifahari haimkaribishi mgeni kwa jasho, basi mwaka 1879 ikafunguliwa reli ya kamba, urefu wake mita 345 hivi.

Mabehewa ni mawili, yamefungwa kwenye ncha mbili za kamba moja ya chuma, nayo kamba imepita kwenye kapi kubwa kule juu. Moja likishuka, la pili halina budi kupanda. Kila behewa lilikuwa na tangi. La juu lilijazwa maji ya kijito mpaka likalizidi uzito la chini, kisha breki ikaachiwa. Hesabu yake nyepesi, maana lita moja ni kilo moja: wakiwa chini abiria 10 wa kilo 70 na juu hakuna mtu, lita 700 zinalinganisha tu. Ongeza za kushinda msuguano, na za kamba. Likifika chini, tangi lilimwagwa.

Kamba ndiyo yenye hila. Mwanzoni karibu uzito wake wote uko upande wa behewa la chini, unapinga safari. Mabehewa yakishapita nusu ya njia, uzito huo unahamia kwa linaloshuka, nalo linataka kukimbia. Maji yaliyotosha kuliondoa juu yamekuwa mengi mno kulifikisha chini. Ndiyo sababu kati ya reli mbili za njia, kuanzia chini hadi juu, ililazwa reli ya meno, na gurudumu la meno likaing'ata ili kuzuia mwendo. Wengi wakiyaona meno hudhani ni ya kupandia. Sivyo, ni ya breki.

Njia ni moja, na mabehewa hupishana katikati bila mtu wa kuhamisha reli. Mhandisi Roman Abt aliyapanga magurudumu na reli kwa namna ambayo kila behewa hushika upande wake siku zote. Mimi naona hapo pana akili kuliko hoteli nzima.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwaka 1883 moto uliunguza paa na ghorofa za juu, Davinet akajenga tena, safari hii kwa urembo mdogo. Kuanzia 1912 maji hayakubebwa tena, yalizungusha turbaini. Umeme ukaja 1948. Hoteli ilifungwa 1979, mwenyewe akitaka kuibomoa, hadi mtetezi wa mazingira Franz Weber na wakfu wake walipoinunua 1983. Mwaka uliofuata ikafunguliwa.

Ukijaliwa kufika, yaache maporomoko kwanza. Mkikaribia kupishana, tazama magurudumu ya behewa linalokuja, kisha uniandikie umeona nini.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo,
Rashidi