Huko juu hewa inapoa, Mhariri

Mhariri,

Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alikuja darasani na gazeti lenu, akanionyesha mstari usemao kwamba angahewa yote inazidi kupata joto. Naomba mstari huo usahihishwe. Hapa chini tunapoishi ni kweli, joto linapanda. Kilomita 90 juu, hewa inapoa, na chanzo kikubwa ni ileile kaboni dayoksaidi: huku chini huzuia joto lisitoke, kule juu ambako hewa ni nyembamba mno hulitoa joto likapotelea angani.

Kijana akauliza swali zuri kuliko la gazeti: nani amepeleka kipimajoto huko?

Hakuna aliyekipeleka. Maputo ya hali ya hewa hupasuka yakifika kilomita 30 na kitu. Setilaiti ikishuka hadi kilomita 90 haidumu, na roketi hupita kwa dakika chache tu. Vinavyofika kila siku, usiku na mchana, ni vimondo. Vingi ni punje ndogo kama mchanga, vikiungua huacha mkia wa hewa yenye chaji. Rada hurusha mawimbi ya redio, yakagonga mkia na kurudi. Mwangwi huo hufifia ndani ya sehemu ya sekunde, maana mkia unatawanyika kama moshi wa ubani, na kasi ya kutawanyika hufuata joto na mgandamizo wa hewa. Pima vimondo maelfu, kila kimoja na kimo chake, utapata joto la pale. Kweli, hesabu hiyo hulinganishwa na vyombo vingine kabla ya kuaminiwa.

Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo nyuzi 78 kaskazini, ina rada ya Wanorwe na Wajapani iliyoanza kazi 2001. Pale juu kiangazi ndicho chenye baridi kali zaidi, hata nyuzi 140 chini ya sifuri, kwa kuwa hewa ya ncha ya dunia husukumwa kwenda juu, ikatanuka na kupoa. Mizunguko kama hiyo ya majira, pamoja na ile ya jua kuongeza na kupunguza nguvu zake, hupandisha na kushusha joto la kule, ndiyo maana inalazimu kupima kwa miaka mingi ili kupoa kwa kudumu kuonekane.

Andikeni hayo kwa kirefu. Wanaokana mabadiliko ya tabianchi wakisikia nusu tu, kwamba juu kunapoa, watawaambia watoto wetu kwamba tumewadanganya.

Mwalimu wa fizikia,
Tanga