Mabadiliko: ziara yetu Mji Mkongwe

Asalaam alaykum wana kikundi, poleni na mvua.

Ziara ya Jumapili jioni tumeirudisha nyuma: sasa ni Jumamosi hii, saa 2:00 asubuhi. Tukutane mlango wa Ngome Kongwe, kisha twende kwa miguu hadi Malindi.

1. Wenye simu za picha nzuri wapige picha za nyufa, mapaa yanayovuja na boriti zilizooza. Msiingie nyumba ya mtu bila kubisha hodi na kuruhusiwa.
2. Mchango ni shilingi 5,000, kwa mshika fedha kabla ya Alhamisi usiku. Ni wa chokaa, mchanga na chai.
3. Fundi atatuonyesha kuchanganya chokaa. Najua saruji hukauka haraka, lakini kuta za mawe ya matumbawe zikipakwa saruji unyevu hufungiwa ndani, na jiwe huanza kumung'unyika. Tuliona Beit al-Ajaib (lile jumba la kale la Forodhani) ilivyoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, tusingoje nyingine.

Viatu vya kufunga, tafadhali, si kandambili (mzee wetu wa mwaka jana anajijua!).

Andika NAJA au SIJI hapa kabla ya Alhamisi usiku, nijue idadi ya vikombe.