Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka wa 2025

Asalaam aleikum na hamjambo nyote, waandishi wa habari wenzangu wa Malindi, Magarini na Watamu. Sitawaweka sana manake najua kuna watu wana stori za kutuma kabla ya saa kumi na mhariri hangoji mkutano wa mtu.

Kubwa la mwaka ni ile simu ya mwenzetu. Kisa mwakijua, alienda kupiga picha watu wakibomolewa nyumba kwenye shamba la mzozo, akaenda peke yake na bodaboda, askari wakamnyang'anya simu, kituoni akaambiwa afute video ndio aachiliwe, akafuta, na simu wakabaki nayo. Ametuambia siku ya tatu! Tukaenda naye watu watano kuchukua OB, ile namba ya ripoti kwenye kitabu cha polisi, yule wa deski akatuzungusha weee mpaka alipoona hatuondoki ndio akaandika. Simu ilirudi, memori kadi haikurudi. Kufuta simlaumu, hata mimi ningefuta, namlaumu kwa zile siku tatu za kunyamaza. Ndio tukakubaliana ukienda mahali pa moto uache ujumbe kwa grupu, waenda wapi, na nani, warudi saa ngapi, na saa ikipita kimya tunaanza kupiga simu. Wengine bado mwaficha mnakoenda eti stori itaibiwa. Haya.

Halafu mwezi wa nane makaburi yakafukuliwa tena, safari hii Kwa Binzaro, na wengi wetu tulikuwa Shakahola 2023, kule wafuasi wa mhubiri walikofunga kula mpaka kufa, miili ilipopita 400, kwa hivyo tulirudi kusimama na harufu ileile puani. Kuna mwanachama aliniambia tangu 2023 nyama hali, na usiku mkewe humwamsha akipiga kelele. Sisi twalipwa kwa stori, isipotumika hata nauli umejilipia, sasa daktari wa kichwa atalipwa na nani? Hapa kamati yangu imefeli, nasema wazi, tuliahidi kutafuta mshauri na hatukumtafuta.

Juni 25 Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza laivu za maandamano zisimame, watu wa redio walinipigia wakiuliza wazime ama wasizime, na mimi sikuwa na jibu la haraka. Korti ililisimamisha agizo lile. Mwakani nataka tuwe na wakili wa kupigiwa siku kama hizo, si mimi.

Na nyie mnaotishwa na matajiri wa viwanja kwamba mtafungwa kwa kumharibia mtu jina, kile kifungu cha 194 cha sheria ya makosa ya jinai Mahakama Kuu ilikifuta 2017. Anaweza kukudai pesa kortini, ndio, kwa hivyo andika ulicho na ushahidi nacho, lakini jela kwa kifungu hicho hapana.

Barua yetu ya kuomba rekodi za lile shamba haijajibiwa na sheria ya kupata habari ya 2016 inazipa ofisi za serikali siku 21 kujibu, kwa hivyo twaipeleka kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi hizo.

Ada ni ileile mia mbili kwa mwezi, na ndizo zilizotupeleka kituoni siku ile. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu, mumpitie kabla ya chai.