Kwa wanandoa mnaoagana stesheni ya Kigoma

Wanangu,

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu stesheni, nikasimama jirani na mume na mke vijana. Mke alikuwa na mtoto mgongoni, na mkononi ameshika dumu la mawese aliloliziba kwa nailoni lisivuje safarini. Alimwuliza mumewe, aliyekuwa akienda kuanza kazi Dar es Salaam, kodi ya nyumba italipwa na nani na yeye atamfuata lini. Mume, akiwa amekwisha kupanda, alijibu kupitia dirisha la behewa, "Tutaongea kwenye simu." Treni ikaondoka, na dumu likabaki mkononi mwa mke. Niliudhika mpaka nikasahau kumpungia mdogo wangu.

Mambo ya kodi, ada na tarehe ya kurudi huzungumzwa mkiwa mmeketi mkeka mmoja, kwa sababu kwenye simu kila swali gumu hujibiwa kwamba mtandao unasumbua. Nayasema haya kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipopata kazi Tabora nilimwahidi mke wangu kwamba ningerudi mambo yakikaa sawa, nikakaa miezi 14. Siku nilipobisha hodi Ujiji, mwanangu wa kwanza aliniambia, "Shikamoo mgeni," kisha akakimbia kumwita mama yake. Nauli nilikuwa nayo muda wote. Tarehe ndiyo hatukuwa tumeiweka.

Mkoa wetu unaujua msiba huu tangu babu zetu walipokwenda manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine wasirudi, na wake zao wakabaki si wajane wala si walioachwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inahesabu kumtelekeza mwenzi kwa makusudi kwa miaka 3 kuwa dalili ya ndoa iliyovunjika, na umbali haumwondolei mume wajibu wa matunzo.

Kubalianeni kiasi cha matumizi. Mke asihamishiwe ukweni bila ridhaa yake. Mashangazi, acheni kumnong'oneza kwamba mumewe keshaoa huko. Nanyi waajiri mnaokalia maombi ya uhamisho wa kumfuata mwenza mpaka mtoto anaanza shule, sijui usingizi mnaupata wapi.

Nawe binti wa dumu la mawese, kama barua hii itakufikia, usingoje akupigie. Mpigie wewe leo, umwulize tarehe, na akikuambia mtandao unasumbua, mpigie tena kesho.