Kabla ya kikao: biashara ya famasi zetu inaelekea wapi

Wanagrupu habari zenu, inboksi imejaa swali moja tu, je famasi ya mtu binafsi bado inalipa? Mi naona inalipa ila sio kwa kuuza vidonge peke yake, hiyo enzi imeisha. Kinachotuua zaidi ni keshi. Unampa mgonjwa wa bima dawa ya presha leo, sapulaya anataka hela yake ndani ya siku 30, bima nayo inajivuta halafu inakata kiasi kwa sababu fomu ilikosa sahihi, wakati mwingine wanarudisha chini ya bei uliyonunulia, sasa hapo umeuza au umetoa sadaka? Na msidhani wakubwa wako salama, Marekani Rite Aid, kampuni kubwa ya maduka ya dawa, waliomba ulinzi wa kufilisika 2023 na 2025 wakafunga kabisa, Walgreens, wakubwa wengine wa maduka ya dawa, nao Oktoba 2024 walitangaza kufunga maduka 1,200. Kwa hiyo ukubwa sio dawa jamani (samahani kwa utani).

Penye nafuu ni huduma: chanjo pale sheria inaporuhusu, kupima sukari, kumfuatilia mgonjwa wa kudumu asikatishe dozi, huyo anarudi kila mwezi. Kununua kwa pamoja pia, tunaongea kila mwaka hatufanyi!

Kwenye kikao kila mtu aje na madai ya bima ambayo hayajalipwa, yapangwe kwa muda yaliyokaa bila kulipwa, pamoja na orodha ya dawa zinazoekspaya ndani ya miezi 6. Msitume hapa grupuni tafadhali, bei za watu ni siri.