Barua kwa mwanangu: hiyo karavani yako itaishia Matema

Ambakisye mwanangu,

Voisi yako ya mpango wa kuja kutoka Dar na karavani, wewe na mkeo na watoto, tumeisikiliza na mama yako jana usiku, mwenzangu kashaanza kupanga vyakula, mimi nikabaki na swali moja tu, hiyo barabara ya kutoka Matema kwenda Mbamba Bay kando kando ya Ziwa Nyasa wewe umeiona wapi? Kama ni kwenye simu basi ile laini uliyoiona ni njia ya meli. Barabara hakuna. Lami inakuja vizuri kutoka Kikusya, unapita Ipinda, unafika Matema, alafu pale mbele milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja inaingia majini, hapajabaki hata pa kupitisha toroli. Kuanzia hapo ni mtumbwi, boti au miguu yako. Nimeendesha malori miaka yote unayonijua na sijawahi kukutana na dereva aliyepita pale na gari.

Kwa hiyo ule mpango wa leo Matema kesho Mbamba Bay ufute kabisa. Ziwa ni moja lakini kwa gari inabidi urudi huku kwetu Uyole, Mbeya, ushike Makambako, Njombe, Songea, Mbinga, ndo ushuke Mbamba Bay, hiyo ni zaidi ya kilomita 600 na watoto wako ndani wanauliza tumefika tumefika. Mbamba Bay ni pazuri, sibishi, na siku hizi lami inafika, ila iwekee safari yake mwaka mwingine. Mimi nasema shikeni Matema, mkae hapo hapo mpaka mchoke. Nyie vijana mna tabia ya kuhesabu sehemu mlizofika, mtu anafika mahali anapiga picha anawasha gari, sasa hiyo si bora ubaki Dar uangalie picha za wenzako.

Kuhusu gari lenyewe. Umesema ni Land Cruiser ya kukodi ina hema juu na jiko nyuma na mnaiita karavani, sawa, iteni hivo hivo. Karavani ninayoijua mimi ni ile nyumba yenye matairi inayovutwa nyuma, wazungu walikuwa wanapita nazo Uyole wakielekea Malawi, na kwenye mteremko wa kule chini tulikuwa tunawaona wanavyohangaika, gari linataka kusimama, nyumba inalisukuma. Nimefurahi hukuchukua ya kuvuta. Hiyo ya hema juu ina shida zake nyingine, gari linakuwa refu na zito kichwani, kwenye kona ukienda kasi utalisikia linavyoyumba, na ukiingia kwenye migomba au chini ya miembe kumbuka juu kuna kitu. Alafu ngazi. Yule mdogo wa miaka minne akibanwa na mkojo saa nane usiku nani anamshusha? Mlijadili hilo na mkeo? Mimi ningewalaza wadogo ndani ya gari, nyie wakubwa mpande juu.

Usiku wa kwanza mnalala kwetu, ndani ya nyumba, sitaki kusikia habari ya hema hapa Uyole mwezi wa sita. Baridi ya mwezi wa sita umeshaisahau wewe. Na nisikie vizuri hapa maana kila mwaka watu wanakufa hivi hivi: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema wala ndani ya gari hata kama watoto wanatetemeka, ule moshi usioonekana hauna harufu, mtu analala na hajui kitu. Mablanketi mama yako anayo tele.

Asubuhi msiondoke mapema sana. Mkitoka hapa mnapita Igawilo mnaanza kupanda kwenda Isyonje, pale mko juu zaidi ya mita 2,000, na asubuhi ukungu unakaa barabarani mpaka jua lipate nguvu, huoni hata mkia wa semi iliyo mbele yako. Na semi zipo, hiyo ndo njia ya mpakani Kasumulu, mizigo ya Malawi inapita hapo. Subiri saa tatu. Njiani mtawakuta kina mama na magunia ya viazi na karoti na kabichi, nunueni viazi hapo, Kyela mtavikuta vimeshapanda bei.

Baada ya hapo ni kushuka, na hapa naongea kama dereva sio kama baba. Ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500, kwa hiyo kutoka Isyonje mpaka kwenye maji unashuka zaidi ya mita 1,500 na safari nzima ya Uyole mpaka Matema haizidi sana kilomita 150. Huo mteremko usiushuke kwa breki. Vijana wa Dar mmezoea kukanyaga breki kwa sababu kwenu ni foleni tu, huku ukikanyaga muda wote breki zinachemka, unaanza kusikia harufu ya kitu kinaungua, ukikanyaga tena pedali inaenda chini haishiki. Weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, acha enjini ikubane, breki unaigusa tu na kuiachia. Kama hilo gari ni la otomatiki usiliache kwenye D, shusha kwenye 3 au 2. Ukiona semi inashuka taratibu mbele yako usiipite kwenye kona kwa kiherehere, yule anajua anachofanya.

Mnaposhuka watoto waambie wafungue vioo, waache simu, maana kila baada ya muda kidogo dunia inabadilika. Juu ni viazi na pareto na baridi, unakuja Kiwira ni migomba, unafika Tukuyu ni chai na parachichi na migomba tena, Mlima Rungwe uko kushoto kwako na urefu wake mita 2,960 hivi, ukiwa na bahati utauona kichwa chake kabla mawingu hayajakaa. Ardhi yote hiyo ni ya volkeno ndo maana kila kinachochomekwa kinaota. Pitieni Daraja la Mungu, pale Mto Kiwira unapita chini ya mwamba, ni uji wa volkeno uliopoa ukaacha upenyo, watoto watalipenda, ila washikwe mikono, ule mwamba unateleza. Kijungu pia kiko karibu, ni ndani ya eneo la chuo cha magereza kwa hiyo mnaomba ruhusa getini, maji yanaingia kwenye shimo la mwamba yanazunguka kama yanapikwa. Ziwa Ngozi, lile la kwenye shimo la volkeno juu mlimani, liacheni. Ni kupanda msituni na matope, na yule mdogo utambeba mgongoni njia nzima, alafu mkifika juu mnaliangalia hilo ziwa kwa mbali.

Chini ya Tukuyu mtaanza kuvua masweta. Joto linakuja ghafla, harufu nayo inabadilika, mnaanza kuona michikichi, na kakao imeanikwa kwenye mikeka mbele za nyumba, punje za kahawia zina uchachu fulani hivi puani. Simamisheni mahali muombe watoto waonyeshwe tunda la kakao likipasuliwa, ndani kuna ute mweupe mtamu unanyonywa. Wajukuu wangu wanadhani chokoleti inatoka supamaketi.

Mchele nunueni mkirudi, sio mkienda.

Sasa Matema. Msitafute mahali pa kujificha peke yenu ufukweni kama mnavyoona kwenye video za watu. Kuna nyumba za wageni pale ufukweni, kuna za kanisa na kuna za watu binafsi, ongeeni nao mlipie kidogo mpaki kwao, mtapata choo, maji na mlinzi. Mkitaka kulala nje ya hapo basi mnaanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mnajitambulisha vizuri, huo ndo utaratibu na hautakupunguzia kitu. Gari usiliteremshe kwenye mchanga mpaka karibu na maji kwa ajili ya picha. Likizama punguza upepo wa tairi, toa mchanga kwa mikono, usikanyage mafuta maana linajichimbia lenyewe. Na usipaki chini ya mwembe bila kuangalia juu, mwezi wa sita utakuwa salama, ila mkija Desemba embe likidondoka kutoka kule juu linachana hema.

Mwezi wa sita kuna upepo wa mwera. Unatoka kusini, na lile ziwa ni refu, karibu kilomita 580, kwa hiyo mawimbi yanapata nafasi ya kukua njia nzima na sisi huku kaskazini ndo tunayapokea. Asubuhi maji yanakuwa yametulia, mchana yanaanza kuchafuka. Ogeleeni asubuhi. Boti pia ni asubuhi, mwenye boti akikuambia saa tisa mchana twende tu hakuna shida, wewe kataa, na kama hana maboya ya kuvaa usipande na watoto. Midomo ya mito msisogelee kabisa, mamba wapo, waulizeni wenyeji wapi panaogeleka, hata wao wana sehemu zao. Upande wa Lyulilo ambako mlima unaingia ziwani ni mawe na kina kinaanza hapo hapo, lile ziwa lina sehemu zinafika mita 700, ila ndo pazuri kuangalia vile visamaki vya rangi, vya bluu, vya njano, vyenye mistari. Hakuna ziwa lingine duniani lenye aina nyingi za samaki kama hili, hilo mwambie mkubwa wako anayependa sayansi. Mkirudi Dar baada ya wiki kadhaa pelekeni watoto wakapimwe kichocho, ni kipimo kidogo tu. Chandarua msisahau, Kyela ina mbu wa kutosha.

Pangeni muwepo Jumamosi. Hilo ndo ninalolisisitiza kuliko yote. Jumamosi ni soko la vyungu Lyulilo, Wakisi wanakuja na mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya kule kwenye miguu ya milima ambako gari halifiki, mtumbwi umejaa vyungu vimepangwa kimoja ndani ya kingine mpaka maji yanakaribia ukingo, na hawavunji. Vile vyungu vyenye michoro myeupe ambavyo mama yako anapikia maharage vyote vinatoka huko, vinafika mpaka Dar. Kama ziwa limetulia mwende Ikombe kwenyewe mkaone vinavyofinyangwa. Ni kazi ya kina mama. Mama anakaa chini, mkono mmoja unazungusha kigae kilichobeba udongo, mwingine unapandisha ukuta wa chungu, hana mashine yoyote, na ukuta unatoka sawa kila upande. Kikikauka kidogo anakisugua na jiwe la mtoni, lile jiwe lenyewe limeshakuwa laini kwa kutumika, sugua sugua mpaka chungu kinang'aa, baadaye vinakusanywa vinachomwa pamoja nje kwenye moto wa wazi. Ukinunua kigonge na kucha kwanza, kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Na usipunguziane bei sana na wale kina mama, wewe umekodi karavani.

Ukitaka watoto wauone mwambao wote basi iko meli, MV Mbeya II, inabeba abiria 200, inaenda mpaka Mbamba Bay ikisimama kwenye vijiji vya kando. Ratiba ulizia bandarini mkifika, usinunue matumaini mtandaoni. Ila kwa safari hii mimi nisingeipanda, gari utaliacha wapi?

Chakula msibebe makopo. Mbasa mtaikuta pale, ni samaki mrefu ana mifupa mingi kwa hiyo watoto wachambulieni, lakini ladha yake hakuna sato atakayeikaribia, achomwe tu na chumvi na limao. Usipa pia, wale dagaa wadogo, wakianikwa ufukwe wote unameremeta. Usiku mkiona taa nyingi zimetawanyika ziwani msidhani ni mji wa Malawi, ni wavuvi wa usipa na taa zao. Na mchana mkiona moshi mweusi umesimama juu ya maji kule mbali, hakuna kinachoungua, ni vidudu, mamilioni kwa mamilioni, vikija upande wenu funikeni sufuria.

Mama yako anakuja na nyie, hajakuambia ila begi kashalishusha juu ya kabati. Mimi nitabaki na ng'ombe. Kwa hiyo hesabu siti upya, na yeye ngazi hapandi, mtafutie chumba pale pale mnapopaki.

Kabla hujachukua hilo gari kwa mwenyewe, spea tairi ulione kwa macho yako ulibonyeze, jeki uijaribu, na uulize breki pedi zimebadilishwa lini, akianza kuzunguka zunguka na maneno mrudishie ufunguo. Alafu mama yako anauliza watoto wanakula ndizi za kuchemsha au bado ni chipsi tu, mjibu mwenyewe leo maana mkungu unakatwa kesho.

Baba yako,
Uyole